SOMO: Namna ya kuitumia blogu yako kupata kazi za uandishi

Wakuu, salaam. Kila wiki naulizwa, "Nina blogu, mbona sipati kazi?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Fungua blogu. WordPress au Blogger, bure. Simu inatosha.

2. Tumia jina lako halisi na weka barua pepe panapoonekana. Mhariri hapigi ramli.

3. Shika eneo moja unalolijua kwa ndani. Ukiandika mapenzi leo, Simba na Yanga kesho, keshokutwa nukuu za busara, mhariri hajui akupe kazi gani. Lakini mtu wa Mwanza akiandika biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni, nani anaanika, kwa nini mvua ikiwakuta mchangani bei inaporomoka, basi siku gazeti likitaka makala ya uvuvi, atatajwa yeye. Ndesanjo Macha aliandika blogu ya Jikomboe enzi blogu za Kiswahili zikiwa za kuhesabika, baadaye akawa mhariri wa Afrika kusini mwa Sahara wa Global Voices, mtandao wa kimataifa wa wanablogu. Kenya, Jackson Biko wa blogu ya Bikozulu ameandika safu magazetini.

4. Andika kwa ratiba unayoiweza. Mara mbili kwa mwezi si haba.

5. USIWEKE KILA KITU. Hatua hii isome mara mbili, maana nimeona watu wakiumia kwa kuipuuza. Majarida mengi ya fasihi na baadhi ya mashindano hupokea kazi ambayo haijatoka popote, na kwao kuweka kwenye blogu ni kuchapisha. Kufuta baadaye hakukuokoi, nakala zimeshasambaa. Hadithi unayotaka kuipeleka kwenye tuzo za uandishi kama ya Mwalimu Nyerere au ya Safal, kaa nayo kwanza na usome masharti ya mwaka husika. Blogu iwekee makala, mahojiano, uhakiki. Onyo la pili: mtu akiomba kuichapa upya makala yako, muulize kwa maandishi. Analipa? Jina langu litakuwepo? Haki inabaki kwa nani? Asipotaka kuandika majibu, usimpe.

6. Bisha hodi mwenyewe. Mfano:

"Mhariri, habari za kazi. Naandika kuhusu biashara ya dagaa, Mwanza. Napendekeza makala ya maneno 800 juu ya wanawake wanaoanika dagaa msimu wa masika. Naweza kuileta tarehe 20. Kazi zangu mbili ni hizi."

Halafu linki mbili. Basi.

MASWALI

Chui Mweusi: Mkuu, blogu inalipa shilingi ngapi kwa mwezi?

Jibu: Somo hili si la kupata pesa za matangazo kwenye blogu. Soma hatua ya 6.

Mama Nasra: Mwanangu, asante. Mimi ni muuguzi mstaafu, Tanga, naandika malezi ya vichanga. Nikisimulia visa vya wodini si nitavunja siri za watu?

Jibu: Shikamoo mama. Umeuliza jambo kubwa. Kuficha jina hakutoshi. Mtaa, umri na ugonjwa vikikaa pamoja, jirani anamtambua mtu. Andika makosa yanayojirudia kwa akina mama wengi: kitovu kupakwa vitu, mtoto kupewa maji kabla ya miezi 6. Na utaje uuguzi wako kwenye ukurasa wa kujitambulisha. Miradi ya afya huhitaji watu wa kuandika vipeperushi kwa Kiswahili chepesi, na aliyekaa wodini akajua pia kuandika ni adimu. Ukiandaa barua ya kwanza, nitumie niipitie.

JB: Umedanganya watu kwamba ni bure. Leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, je?

Jibu: Nimesema kufungua ni bure, na ni bure. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaka ada ya leseni shilingi milioni 1, mbali na laki 1 ya maombi. Zimebadilishwa tangu hapo. Kama unaandika habari na matukio, waulize TCRA kabla hujaanza.

Kijana wa Kazi: Nimewatumia wahariri linki 14, kimya.

Jibu: Nimeandika mbili.

Mkwezi: Kaka, simu yangu inageuza Kiswahili kuwa Kiingereza kila neno. Unafanyaje?

Jibu: Gboard, kibodi ya Google, ina Kiswahili, kiongeze kwenye lugha za kibodi. Na usiandikie ndani ya blogu moja kwa moja, mtandao ukikatika unaweza kupoteza aya nzima. Andikia pembeni, hifadhi, ndipo ubandike.

Mkwezi: Imekubali! Hata "ng'ombe" inaipendekeza yenyewe.