Kokoto katikati ya gunia
Kama unapanda sukuma wiki kwenye gunia, usijaze udongo mtupu. Maji yataishia juu na miche ya chini itakauka. Chukua kopo kubwa lililotolewa kitako, lisimamishe katikati, ulijaze kokoto, kisha zungushia udongo uliochanganywa na samadi: ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi iliyooza vizuri. Ukifika ukingoni mwa kopo, livute juu, kokoto zibaki, uendelee hivyo hadi gunia lijae. Hapo maji yanashuka mpaka chini kabisa.

Samadi mbichi inaunguza mizizi, iache kwanza. Na maji ya kuoshea mboga msiyamwage jamani, yapelekeni kwenye gunia. Matundu ya ubavuni yawe madogo, ya kupitisha mche tu.