Kiuno, magoti na visigino: kutunza mwili kwenye lindo la usiku kucha

Mlinzi anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi huumizwa zaidi na kukaa mkao mmoja kuliko na uzito wa kazi. Misuli ya mashavu ya miguu husaidia kurudisha damu juu pale inapokaza na kulegea. Ukisimama bila kusogea, damu hutuama chini, miguu inavimba, na kiuno kinakaza ili kuubeba mwili.

Weka tofali au kipande cha gogo chenye kimo cha sentimita 10 hadi 15 mbele yako. Pandisha mguu mmoja, na baada ya dakika kama 10 ubadilishe. Nyonga ikijikunja kidogo, kiuno hupata nafuu. Kila nusu saa tembea dakika mbili tatu, kisha inuka kwa vidole vya miguu mara 15 ukishusha visigino polepole. Sakafu ikiwa ya zege, tandika mpira au maboksi mawili matatu yaliyokunjuliwa.

Buti lijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi za kazini. Mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja. La mtumba liweke mezani ulitazame kwa nyuma: kisigino kilicholika upande mmoja kitapinda kifundo, na goti litafuata. Ukinunua soli laini ya ndani, toa kwanza ya zamani. Kurundika mbili hubana vidole na kuleta ganzi.

Kisigino kikichoma hatua za kwanza unapoamka, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kabla hujashuka kitandani, hesabu hadi 10, rudia mara 10. Ukitoka kazini, viringisha chini ya unyayo chupa ya nusu lita ya maji yaliyoganda, dakika tano. Nafuu huchukua wiki nyingi, kwa hiyo usiache siku ya tatu.

Geti ndilo linalosahaulika, nalo huumiza migongo kweli kweli. Geti la kusukuma likiwa zito, kagua reli kabla ya kulaumu nguvu zako. Fagia mchanga na kokoto kila mnapopokezana zamu. Grisi iingie kwenye beringi za magurudumu, isipakwe kwenye reli, maana hapo hunasa mchanga na geti linazidi kugoma. Kusukuma: tazama geti linakoelekea, mguu mmoja mbele, mikono usawa wa kifua, nguvu itoke mapajani. Kosa kubwa ni kuvuta kwa mkono mmoja huku kiwiliwili kimegeukia dereva anayepiga honi. Mwache asubiri. Geti lisilosogea bila watu wawili liandikwe kwenye kitabu cha matukio kila siku hadi litengenezwe.

Redio, tochi, rungu na pingu zisikae upande mmoja wa mkanda. Bunduki ihamishwe bega kila nusu saa. Pochi itoke mfuko wa nyuma kabla hujaketi, na kigoda kifupi kinachopandisha magoti juu ya nyonga kibadilishwe. Kiti cha plastiki chenye taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno ni bora mara nyingi.

Diklofenaki ya dukani, yaani dawa ya kutuliza maumivu, isiwe chakula cha kila siku. Huchubua tumbo, huumiza figo na hupandisha presha. Maumivu yakizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya. Nenda siku hiyo hiyo ukipata ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukikataa au kukutoka bila kujua, mguu ukiishiwa nguvu, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, kwani huenda damu imeganda.

Kwa aliyeajiriwa Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hushughulikia pia magonjwa yatokanayo na kazi, na mchango wake hulipwa na mwajiri. Mjulishe mwajiri kwa maandishi mapema: tarehe, lindo, ulichokuwa ukifanya, sehemu inayouma. Baki na nakala, na umwambie daktari aandike kazi yako kwenye cheti.