Namna ya Kuchagua Kiti Mwendo cha Umeme kwa Mtu Asiyeweza Kujigeuza Mwenyewe

Mtu aliyevunjika uti wa mgongo sehemu ya shingo, kijana mwenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne, na mtu mzima mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli yake hukakamaa ghafla, hawafai kupewa kiti mwendo kile kile anachonunuliwa mzee mwenye maumivu ya magoti. Mzee anataka chombo cha kumfikisha msikitini au dukani, na akifika huinuka akakaa penginepo. Wenzake hawa hushinda kitini kutwa nzima, humo hula, humo hufanya kazi, na wakichoka upande mmoja hawana nguvu ya kujisogeza upande wa pili. Kwa sababu hiyo, anayelinganisha viti vya kundi hili aanze kuuliza kiti kinaufanyia nini mwili wa mwenyewe kikiwa kimesimama, na habari ya mwendo aiache kwanza. Wauzaji hupenda kutanguliza kasi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya kuulizwa mwisho.

Vipimo vichukuliwe kabla ya kufungua katalogi yoyote, na vichukuliwe pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kazi aliyesomea ukalishaji. Kwa walio Tanzania, wataalamu wa namna hiyo hupatikana katika hospitali za CCBRT jijini Dar es Salaam na KCMC mjini Moshi, ambako chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa viti mwendo. Kwa Kenya, APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, kina uzoefu wa miaka mingi. Mhusika akalishwe juu ya ubao mgumu, kwa kuwa kitanda humzamisha na kupotosha vipimo. Upimwe upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, urefu wa mguu kutoka goti hadi kisigino, na kimo cha bega na cha kichwa. Kina cha kalio la kiti kiwe pungufu ya urefu wa paja kwa sentimita tatu hadi tano hivi, maana kikizidi, ukingo wake husukuma nyuma ya goti, na mtu huteleza mbele taratibu mpaka akawa amekalia mgongo. Mtaalamu aangalie pia kama nyonga inakunjika hadi nyuzi 90 na kama mgongo uliopinda bado unanyooka kwa mkono, kwa sababu mgongo uliokwisha kukaza hauwezi kulazimishwa na kiti chochote. Hapo egemeo ndilo linalochongwa kuufuata mwili.

Linalofuata ndilo linalotenganisha kiti cha kawaida na kiti cha mahitaji makubwa, nalo ni mota za kubadilisha mkao. Ya kwanza hubinua kiti kizima kuelekea nyuma, pembe ya nyonga na ya magoti zikibaki vile vile. Ya pili hulaza egemeo la mgongo peke yake. Kubinua huhamisha uzito kutoka kwenye makalio kwenda mgongoni, na viti kama Permobil M3 Corpus au Quantum Edge 3 hufika nyuzi 50 au zaidi. Kiti kinachoishia nyuzi 20 kinampumzisha mtu, lakini hakitoshi kumkinga na vidonda vya mgandamizo. Kulaza mgongo hufungua nyonga na kurahisisha kubadilisha nguo au kushughulikia mpira wa mkojo, ila kuna hatari zake: ngozi ya mgongo na ya makalio huvutwa, na kwa wenye misuli inayokakamaa, kule kufunguka kwa nyonga huweza kuamsha mkakamao wenyewe. Anayepata mikakamao mikali mara nyingi huhudumiwa vizuri zaidi na kiti cha kubinuka tu. Anayehitaji vyote viwili afundishwe kubinua kwanza ndipo alaze mgongo, na wakati wa kurudi aanze kuinua mgongo kabla ya kurudisha mbinuko, ili asiteleze.

Kuna jaribio dogo la kufanya siku ya kukijaribu kiti. Tazama sikio la mhusika liko usawa gani na mto wa kichwa, kisha laza mgongo na uurudishe mara kadhaa. Sikio likiwa limeshuka, shati limepanda mgongoni na magoti yamesogea mbele, kiti hicho kinamkokota. Viti bora vina egemeo linaloteleza pamoja na mgongo ili kupunguza mvuto huo. Usikubali kuambiwa tu kwamba linafanya hivyo.

Mota ya kukiinua kiti kwenda juu, ambayo kwa viti vingi vya daraja hili hufika kama sentimita 30, wengi huiona ni anasa. Hata hivyo ndiyo inayomwezesha mtu kuhamia kitandani kwa kushuka kidogo badala ya kubebwa, na kufikia meza ya benki au swichi ya ukutani. Nchini Marekani bima ya Medicare ilikubali kuigharamia mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya kuihesabu kuwa si ya lazima kitabibu. Viti vya kumsimamisha mtu wima vina manufaa yake, lakini visinunuliwe kabla daktari hajachunguza uimara wa mifupa na ukazo wa magoti.

Mto wa kukalia huchaguliwa pamoja na kiti, na bajeti yake isiguswe. Mto wa seli za hewa kama ROHO hupimwa kwa mkono: ingiza kiganja chini ya mfupa wa kalio ulioshuka zaidi, na kati ya mfupa na sakafu ya mto ibaki nafasi ya sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu. Hewa ikizidi, mtu huelea na kuyumba. Ikipungua, mfupa unagonga chini.

Baada ya mwili ndipo ije ardhi. Kiti chenye magurudumu ya mota katikati hugeuka papo hapo kama pia, na ndani ya nyumba hakina mpinzani. Udhaifu wake huonekana kwenye mashimo na mitaro ya kina kifupi: vigurudumu vya mbele na vya nyuma vikikalia kingo mbili, gurudumu la mota huning'inia katikati na kiti hakiendi popote. Kiti cha mota mbele, kama Permobil F3, hupanda kingo na kuvuka udongo laini vizuri zaidi, lakini nyuma yake hubembea wakati wa kukata kona, na mwendeshaji hana budi kuzoea kwamba kilicho nyuma yake kinaweza kugonga mlango. Kiti cha mota nyuma hushika njia iliyonyooka kwa utulivu, ila kinadai nafasi kubwa ya kugeuka. Kwa anayeishi mtaa usio na lami ningeanza kumjaribisha kiti cha mota mbele, isipokuwa nyumba yake ni finyu mno. Upana wa viti vingi vya aina hii ni kati ya sentimita 60 na 66, hivyo pima uwazi halisi wa mlango wa choo ukiwa umefunguliwa kabisa, kwa kuwa bawaba na unene wa mlango hula nafasi.

Kuhusu uendeshaji, angalia miaka inayokuja. Mwenye ugonjwa unaoendelea, kama ALS (ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli), anaweza leo kutumia kijiti cha mkono, na baadaye akahitaji kijiti cha kidevu, vitambuzi vilivyofichwa ndani ya mto wa kichwa, au mrija wa kupuliza na kunyonya. Mfumo wa kielektroniki unaopanuka, kama R-net, hupokea vifaa hivyo vyote bila kubadilisha kiti. Ule rahisi haupokei. Mipangilio ya mfumo huo, kuanzia kasi ya kugeuka hadi wepesi wa kijiti kwa mkono unaotetemeka, hubadilishwa kwa kifaa maalumu ambacho kwa kawaida huwa nacho wakala tu. Ukinunua kutoka nje, mipangilio ikamilishwe kabla kiti hakijasafirishwa.

Viti hivi hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kutoa volti 24, nyingi zikiwa za jeli au AGM (aina mbili za betri zilizozibwa) zenye uwezo wa Ah (saa-ampea) 50 hadi 75. Betri za kuwashia gari hazifai kabisa, kwani hazikuundwa kuisha na kujazwa kila siku. Joto ni adui yao mkubwa: kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hukata umri wa betri kwa takriban nusu, na mkazi wa Tanga au Mombasa ahesabu gharama hiyo mapema. Geuza chaja usome palipoandikwa INPUT. Ikisema 100–240V ni salama kwa umeme wetu. Ikisema 115V pekee, itaungua siku ya kwanza.

Kabla ya kulipa, na hasa kwa kiti kilichotumika kutoka Ulaya au Marekani, uliza nani atakitengeneza. Kiti kizima huweza kuzidi kilo 150, kwa hiyo hakipakiwi kwenye daladala kupelekwa kwa fundi. Fundi ndiye hukifuata. Fundi umeme mzuri wa mtaani ataweza nyaya, betri na vigurudumu, lakini moduli ya udhibiti ikifa huagizwa kwa namba ya modeli, na modeli iliyokwisha kuachwa na mtengenezaji haina vipuri. Kwenye forodha, viti vya watu wenye ulemavu, vyenye mota na visivyo nayo, viko chini ya namba 8713 ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Wakala wako wa forodha ahakikishe hakikuandikwa kama chombo cha moto.

Siku ya kukabidhiwa, kila anayeishi na mhusika aonyeshwe vishikio vya kuachanisha mota na magurudumu, ambavyo huwezesha kiti kusukumwa betri ikiisha. Vikifunguliwa, kiti hakina breki hata kidogo, hivyo visifunguliwe kamwe mtu akiwa kwenye mteremko, na mwenye kusukuma avirudishe mahali pake kabla ya kuondoa mikono.