Somo: Kijazio kimemwaga maji matamu tangini. Namna ya kuzuia, na la kufanya kikishamwaga

Assalaam alaykum ndugu wanachama.

Tunazungumzia matangi ya maji ya bahari ya kufugia samaki na matumbawe. Maji ya tangi yanapoondoka kwa mvuke huondoka peke yake, chumvi yote hubaki. Ndiyo maana tunajazia maji matamu na si maji ya bahari. Kijazio cha kujiendesha, yaani kifaa kinachowasha pampu kuvuta maji matamu kutoka dumuni kina kikishuka, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko mkono wa mtu, ila kina upofu mmoja: kinaona kina cha maji tu, chumvi hakiioni. Kina kikishuka, kinamimina. Kiwe kimeshuka kwa mvuke, kwa skima (kichujio cha povu) iliyofurika usiku au kwa gundi ya kioo iliyoanza kuvuja, kwake ni mamoja. Kwa hiyo kinga kubwa si kununua kijazio cha bei ya juu zaidi. Kinga ni kuhakikisha kwamba hata kikiharibika kabisa, maji matamu kiliyo nayo hayatoshi kuua tangi.

Hesabu zote hapa ni za tangi lenye maji halisi lita 200, yaani ukijumlisha tangi na sampu (tangi dogo la chini lenye pampu ya kurudisha maji juu) kisha ukatoa nafasi ya mawe na mchanga. Chumvi ni 35 kwa elfu, karibu gramu 35 kwa lita, au 1.026 kwa wanaotumia haidromita, kipimo cha kuelea. Lako likiwa nusu ya hilo, gawanya kwa mbili.

1. Jua unapoteza lita ngapi kwa siku. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye dumu la kujazia, rudi baada ya siku saba, ugawe. Tangi la lita 200 bila feni kwa kawaida hupoteza lita 2 hadi 4 kwa siku. Kwenye mfano wetu tuseme 3. Pima tena majira yakibadilika. Wakati wa masika hewa imejaa unyevu na maji hupungua kidogo. Kaskazi ikishika joto na ukawasha feni juu ya sampu, kiasi kinaweza kufika mara mbili. Ukikijua kiasi chako cha kawaida, dumu likikauka kabla ya siku yake utajua kuna kasoro mahali.

2. Dumu liwe dogo. Hapa ndipo pa kusimama sana. Tangi letu lina chumvi gramu 7,000 (200 × 35). Dumu moja la lita 20 likimwagika lote, gramu zilezile zinakuwa ndani ya lita 220, na kipimo kinasoma 31.8. Matumbawe yatanuna siku mbili tatu, lakini yataishi. Sasa weka pipa la lita 60 ili upumzike wiki tatu: likimwagika unasoma 26.9. Samaki wengi watastahimili, ila kamba, viti vya pweza na matumbawe utaanza kuwahesabu. Kanuni yetu: dumu lisizidi sehemu moja ya kumi ya maji ya tangi. Na usiunganishe mashine ya RO (ya kuchuja maji matamu yawe safi) moja kwa moja na sampu, hata kwa floti (swichi inayoelea) nzuri namna gani. Bomba halina mwisho.

3. Sampu iwe na nafasi ya kupokea. Zima pampu ya kurudisha, subiri maji ya juu yateremke yote, kisha pima nafasi iliyobaki hadi ukingoni. Ikiwa haipokei lita 20, punguza dumu au shusha kina cha kawaida cha sampu. Maji yakifurika sakafuni yanakwenda na chumvi, na hesabu ya hatua ya 2 inakuwa mbaya zaidi.

4. Kata mvuto wa bomba. Hii ndiyo ajali inayodanganya watu kuliko zote: pampu imezima, floti imekatika vizuri, na maji bado yanatiririka. Mdomo wa bomba ukiwa chini ya usawa wa maji ya dumu, maji yanajivuta yenyewe kuingia kwenye sampu, na ukizama ndani ya sampu huku dumu likiwa chini, maji ya chumvi yanajivuta kurudi dumuni. Funga mdomo angalau sentimita 5 juu ya kina cha juu kabisa cha sampu (kina cha wakati pampu imezima, si cha kawaida), na dumu likae chini zaidi ya mdomo huo. Dumu likilazimika kukaa juu, toboa tundu la milimita 3 kwenye bomba, mahali palipo juu ya usawa wa maji ya dumu, ili hewa iingie pampu inapozima. Tundu lielekee ndani ya sampu kwa sababu litarusha maji kidogo.

5. Floti mbili, waya mmoja. Ya chini ni ya kazi ya kila siku. Ya juu, sentimita 2 au 3 zaidi, ni ya dharura. Zifungwe mfululizo, umeme upite kwanza hii kisha ile, ili yoyote ikinyanyuka pampu izime. Tumia pampu ya volti 12. Floti ndogo za plastiki hazikutengenezwa kukata umeme wa ukutani: nyuso za ndani huungua na kugandana, na pampu haizimi tena.

6. Taima juu ya yote. Pima pampu yako kwa chupa na saa. Ikitoa lita 2 kwa dakika, weka taima ya dijitali iiruhusu dakika moja asubuhi na dakika moja usiku. Hata kila kitu kikishindwa, siku nzima haitapita lita 4. Taima za kuzunguka zenye vipindi vya dakika 15 hazifai kwa pampu ya namna hiyo. Kipindi kimoja ni lita 30.

7. Safisha floti kila mwezi. Konokono hupanda juu ya floti na kuikandamiza chini, ikaonekana kama maji yamepungua. Chumvi iliyokauka hufanya vivyo hivyo kwenye shina. Ivike kipande cha bomba la PVC chenye matundu madogo, na kila mwezi iloweke kwenye siki nusu saa, uisuuze, uicheze kwa kidole juu na chini. Ikikwama hata kidogo, ibadilishe.

Kuna ajali mbili ambazo kijazio hakina kosa. Ya kwanza ni skima kufurika nje: lita 10 za maji ya chumvi zikienda sakafuni, kijazio kinarudisha lita 10 za maji matamu, umepoteza gramu 350 na kipimo kimeshuka karibu 1.75. Ya pili ni mwani kuziba njia ya maji kuteremka. Maji yanalundikana juu, chumba cha pampu kinakauka, kijazio kinadhani ni mvuke. Na kila unapobadilisha maji, chomoa kijazio kwanza. Ukichota lita 20 huku kimewaka, kitakuwahi.

KIKISHAMWAGA

Kama sakafu ina maji, zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, kabla ya kutia mkono au mguu. Kisha chomoa kijazio na toa bomba nje kabisa.  Sakafu ikishakuwa salama, pampu za mzunguko ziendelee, samaki wanahitaji hewa. Skima izime, maana kina kimepanda na itafurika.

Pima chumvi mara mbili, tangini na si kwenye sampu peke yake, baada ya dakika 30 za mzunguko. Refraktomita (kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga) irekebishwe kwa maji maalumu ya kipimo cha 35. Ukiirekebisha kwa maji ya RO inaweza kuwa sawa kwenye sifuri na kukosea huku juu tunakokutaka.

Halafu tulia. Kosa la pili huwa kubwa kuliko la kwanza: mtu anamimina chumvi kavu tangini. Punje hutua juu ya matumbawe na kuyaunguza, na kipimo kinaruka kwa saa moja. Samaki huvumilia chumvi kushuka kuliko kupanda, hata wapo wanaotibiwa madoa meupe kwa kushushiwa chumvi hadi chini ya nusu. Kwa hiyo pandisha 1 hadi 1.5 kwa siku, isizidi 2.

Tuseme unasoma 29. Chukua lita 20 za maji safi ya bahari, ongeza gramu 200 za chumvi ya tangi, koroga kwa pampu usiku kucha, upate karibu 45. Kila siku chota dumu moja la maji ya tangi, mwaga, tia dumu moja la hayo polepole kwenye sampu kwa saa moja au mbili. Siku ya kwanza unafika 30.6, ya pili 32.0, ya tatu 33.3, ya nne 34.5. Pungufu la mvuke endelea kulijaza kwa mkono, maji matamu, kijazio kikiwa bado kimechomolewa.

Pima amonia (sumu inayotokana na uozo) kila siku kwa siku tano. Minyoo na vijidudu vya ndani ya mawe hufa chumvi inaposhuka ghafla, na huoza bila kuonekana. Amonia ikionekana, badilisha maji na punguza chakula.

Maji ya bahari chota wakati wa maji kujaa, mbali na bandari na mifereji, na si siku za mvua kubwa ambapo maji ya juu pwani huwa yamechanganyika. Chota maji tu; hifadhi za Chumbe na Menai ziacheni na vilivyomo.

MASWALI YA WANACHAMA (kila swali lina jina la mahali anakotoka aliyeuliza)

Mwanakwerekwe: Mwalimu, chumvi ya tangi ghali. Chumvi ya Pemba si inatoka baharini hiyohiyo? Nikitia hiyo gramu 200?

Jibu: Inatoka baharini, lakini haikutoka yote. Maji yanapokauka kwenye mashamba ya chumvi, chokaa hutua mwanzo, kisha jasi, halafu ndipo chumvi ya kula. Magnesi na potasi hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Unachonunua ni chumvi ya mapishi karibu tupu. Kama huna ya tangi, ni bora utumie maji ya bahari peke yake: ukiwa na 29, badilisha lita 50 kwa siku na siku ya kwanza utapanda 1.5. Madumu mengi, lakini ni maji kamili.

Fuoni: Maji ya kiyoyozi yanadondoka ndoo nzima kila siku, na kipimo changu kinaonyesha ni safi kabisa. Naweza kujazia?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Yanadondoka juu ya mabomba ya shaba. Kipimo cha jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini hakitakuonyesha shaba kidogo, na kiasi kidogo kinatosha kuua kamba na konokono. Maji ya mvua yanaweza kufaa, ukiacha mvua ya kwanza isafishe paa na kama paa na mifereji havina zinki wala shaba. Mabati mengi ya hapa yana zinki. Visima vyetu navyo vimekaa ndani ya mawe ya matumbawe, maji yake ni mazito kwa chokaa, na vya pwani vina chumvi. RO ndiyo salama.

Jambiani: Sisi bahari iko mlangoni. Kwa nini tusijazie hayohayo, tukaepuka ajali yote hii?

Jibu: Lita 3 kwa siku ni gramu 105 za chumvi zinazoingia bila kutoka. Wiki moja umeongeza gramu 735, na kipimo kinasoma 38.7. Lakini hilohilo ni dawa baada ya ajali ndogo: ukiwa na 33, jazia maji ya bahari badala ya matamu kwa siku nne, utapanda karibu nusu kila siku bila kubadilisha hata lita moja.

Chake Chake: Shikamoo mwalimu. Mimi kwenye dumu natia maji ya chokaa kwa ajili ya matumbawe. Jana yamemwagika, tangi limekuwa jeupe kama tui.

Jibu: Marahaba. Hiyo ni ajali ya namna nyingine. Maji ya chokaa yana pH zaidi ya 12. Pima pH. Ikiwa chini ya 8.6, acha, weupe utatua wenyewe kwa siku moja mbili. Ikiwa juu, chukua siki nyeupe ya asilimia 5, mililita 50 kwa lita 200, imimine kidogokidogo penye mkondo mkali kwenye sampu. Inashusha karibu 0.3. Subiri saa moja, pima tena kabla ya kurudia. Ongeza hewa, kwa sababu bakteria watakaokula siki wanakula oksijeni pia. Na dumu lako la chokaa lisizidi lita 5. Chokaa ya kupakia nyumba usiitumie, haijulikani ina nini ndani.

Bububu: Umeme ukikatika na kurudi mara tano kwa usiku mmoja, kijazio hakichanganyikiwi?

Jibu: Umeme ukikatika, maji ya juu yanateremka, sampu inajaa, floti inanyanyuka. Hapo uko salama kama mdomo wa bomba uko juu ya maji. Ukirudi, pampu inavuta maji kwenda juu na kwa dakika moja sampu inashuka chini ya kawaida. Kijazio kinaongeza kidogo. Kila mkatiko kidogo, mara tano si kidogo. Tafuta kijazio chenye kuchelewa dakika kumi kabla ya kuwaka, au tegemea taima. Kijazio usikifunge kwenye inveta. Acha kilale na umeme.

Mkoani: Nasafiri kwenda Bara siku tisa. Dumu la lita 20 halifiki.

Jibu: Kwa lita 3, litaisha siku ya saba. Usiweke pipa. Jaza chupa za maji za lita 1.5 kwa maji ya RO, sita zinatosha, ziandike tarehe za siku tatu za mwisho, mbili kwa kila siku. Mwambie mtu wa nyumbani azimimine kwenye dumu, si kwenye tangi, na chupa za leo zisipokuwepo asitafute maji mengine.