Jinsi ya kulifukua neno "ukombozi" mpaka kwenye mzizi wake

Kila ikifika Desemba watu wanaandika uhuru na ukombozi kama vile ni kitu kimoja chenye majina mawili, na wanaotafsiri wakikutana na neno la Kiingereza liberation wanachagua lolote linalokuja haraka, mi naona hapo tunapoteza kitu kikubwa sana. Kwa hiyo leo tulifukue pamoja, na njia hii hii utaitumia kwa neno lingine lolote.

Anza kwa kulivua. Toa u- ya mbele na -zi ya nyuma, unarudi kwenye kitenzi komboa. Usikimbilie kamusi bado, jiulize kwanza hicho kitenzi kinafanya kazi gani mtaani siku ambayo hakuna mwanasiasa karibu. Umeweka simu bondi kwa jamaa, mwisho wa mwezi umepata hela ukaifuata, hapo umeikomboa. Shamba la babu lilikuwa rehani watoto wakachanga, wamelikomboa. Nenda bandarini Dar uwasikilize mawakala, wao wanasema kugomboa mzigo, ni neno lile lile limebadilika kidogo tu, unalipa ushuru na tozo zote ndo kontena linatoka. Umeona kinachojirudia? Kuna kitu chako, kiko mikononi mwa mwingine, na hakitoki bure. Hiyo bei ishike vizuri maana ndo roho ya neno.

Halafu ingia kwenye maandishi ya zamani uone kama bei bado ipo. Kwenye Biblia, Kutoka 13, mzaliwa wa kwanza wa punda anakombolewa kwa mwana-kondoo, yani unatoa huyu ili yule abaki, na ndo maana Wakristo wanamwita Yesu Mkombozi, kwamba yeye ndiye aliyelipa. Na pwani yetu bei hiyo ilikuwa ya watu kabisa. Mapadri waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 walikuwa wananunua watumwa ili wawaache huru, wakawawekea kijiji hapo hapo. Mi nikifikiria mtoto aliyesimama pale akihesabiwa fedha, siwezi tena kulitamka hili neno kwa wepesi.

Sasa chukua neno jirani uliweke pembeni ulinganishe, hatua hii wengi wanairuka na ndo yenye utamu. Uhuru umetoka kwa huru, nalo ni la Kiarabu, hurr, mtu asiye mtumwa. Hiyo ni hali ya mtu, siyo kitendo, ndo maana unaweza kukomboa mtu lakini huwezi "kuhuru" mtu, inabidi umwache huru. Zanzibar soko la watumwa lilifungwa 1873, utumwa ukaondolewa kisheria 1897, na hata hapo mtumwa ilibidi aende mwenyewe kuomba uhuru wake na fidia akalipwa bwana. Bei tena!

Ukishamaliza kwetu ndo uende ugenini. Liberation imetoka Kilatini, liber ni mtu huru na liberare ni kumfanya awe huru, na Warumi walimpambanua liber na servus, yani mtumwa. Kumbe na kwao neno limeanzia kwa mtumwa. Mzizi huo uko kwenye jina la Liberia, uko kwenye Libreville, mji mkuu wa Gabon, iliyoanzishwa 1849 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Ila usiamini sikio peke yake: Freretown ya Mombasa ilikaliwa na watumwa walioachwa huru, kwa hiyo unaweza kuapa maana yake ni mji wa walio huru, kumbe ni jina la Mwingereza Bartle Frere aliyekuja kumbana Sultani Barghash wa Zanzibar kuhusu biashara ya watumwa.

Mwisho angalia siasa zimelibeba vipi. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar 1962, hiyo LI ya katikati ni libertação, ukombozi kwa Kireno. Mwaka uliofuata OAU, yani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaunda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa hapo hapo Dar, na kazi yake ilikuwa kutafuta fedha, silaha na sehemu za mafunzo kwa wapigania uhuru, sasa hapo unaona kabisa ukombozi ndo malipo na uhuru ndo kinachopatikana. Kenya nao walipata uhuru 1963, lakini walipodai vyama vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakasema ukombozi wa pili. Hawakusema uhuru wa pili, na walikuwa sahihi, bendera ilikuwa yao tayari ila nchi waliona imeshikwa.

Basi ukiwa unaandika na umekwama uchague lipi, uliza maswali mawili: nani alikuwa amekishika, na nani kalipa ili kitoke. Majibu yakipatikana andika ukombozi. Yasipopatikana, na unachozungumzia ni namna mtu anavyoishi, andika uhuru.