Somo: Kumpokea aliyetoka gerezani, na kijana anayelala nje

Bwana Yesu asifiwe. Misamaha ya Rais mara nyingi hutangazwa Desemba 9 na Aprili 26, na hapa Dar wapo wanaotoka Ukonga au Keko bila mtu wa kuwapokea. Jumuiya inayotaka kuanza ifuate haya.

Hatua ya 1. Ombeni kibali kwa mkuu wa gereza, mkamwone mfungwa kabla hajatoka. Muulizeni anakwenda kwa nani. Wawili wenu watangulie kuzungumza na ndugu zake.

Hatua ya 2. Siku ya kutoka aoge, ale, alale. Hapa nasisitiza. Kaka mmoja tuliyempokea alikuwa akiitwa jina anachuchumaa, kama wakati wa kuhesabiwa. Mlangoni alisimama kusubiri afunguliwe, na mlango ulikuwa wazi! Mtu wa namna hiyo msimsimamishe madhabahuni atoe ushuhuda Jumapili hiyo hiyo. Mtamuumiza.

Hatua ya 3. Mpelekeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa atambulike, na mfuatilie namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Bila hiyo hata laini ya simu hasajili.

Hatua ya 4. Kama alijifunza useremala au ushonaji gerezani, mnunulieni vifaa badala ya kumpa fedha mkononi.

Kwa vijana wa mtaani: nendeni Feri, kwenye soko la samaki, au stendi usiku ule ule kila wiki, sura zile zile, na chai na mkate. Maswali baadaye. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, kwa hiyo afisa ustawi wa jamii ajulishwe mapema. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

MASWALI

Mwinjilisti, aliyetoka gerezani akiingia ibadani kina mama wanakumbatia pochi zao. Tufanyeje?
Mama yangu, wewe kaa naye benchi moja. Mpangieni kazi ya kupanga viti pamoja na mzee wa kanisa. Sadaka ihesabiwe na watu watatu, kama inavyopaswa siku zote.

Wetu ni Mwislamu. Tumpokee?
Mpokeeni, kisha mpigieni imamu wa msikiti wa jirani mshirikiane. Chakula hakina sharti la kuokoka.

Kaka, kijana wetu amerudia kunusa gundi mara ya tatu. Tumwache?
Hapana, ndugu yangu. Wiki ijayo nendeni tena Feri, na kikombe chake mkibebe.