Hofu ya kabla ya pambano: hatua kwa hatua kwa bondia na kocha wake

Bondia akikata pumzi raundi ya kwanza, jukwaani watasema hana mazoezi. Mara nyingi mazoezi anayo. Pumzi ameimalizia chumba cha kubadilishia nguo. Saa nzima moyo unamdunda, mabega yamekaza, kila baada ya dakika chache yuko chooni. Kengele inagonga, mikono imeshakuwa mizito.

Hapa hatuiondoi hofu. Mwaka 1982 Mike Tyson, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alinaswa na kamera akilia mbele ya kocha wake, Teddy Atlas, kabla ya pambano la mashindano ya vijana huko Colorado, Marekani. Akapanda ulingoni, akashinda. Kazi yetu ni kuifanya hofu isile nguvu kabla ya wakati.

1. Jua hofu inamkaa wapi

Wapo ambao hofu inawakaa kichwani: "nikipigwa mbele ya watu wa mtaani itakuwaje?" Wengine kichwa kimetulia, ila tumbo linavurugika na viganja vinatoa jasho. Muulize wiki moja kabla, na umuulize tena siku yenyewe. Wa kichwani mpe kazi ya kufikiria. Wa mwilini mpe pumzi na mwendo. Ukimwambia yeyote kati yao "usiogope", umepoteza maneno.

2. Weka daftari

Baada ya kila pambano aandike alikuwa na joto kiasi gani, yaani mwili na akili vimechemka kiasi gani, kabla ya kengele, kuanzia 1 hadi 10, na alipigana vipi. Baada ya mapambano kadhaa utaona kiwango chake. Kuna bondia wa 4 na kuna bondia wa 8, na ukimtuliza huyu wa 8 umemharibia. Ndiyo maana sipendi kocha anayewapigia kelele vijana wake wote kwa mtindo mmoja.

3. Zoea mazingira mapema

Wiki za mwisho, sparingi (pambano la mazoezi) ifanyike na bondia wa klabu nyingine, pawe na refa, kengele na watu wanaopiga makelele. Uzito nao uwe umekaribia ule wa pambano mapema. Anayepunguza kilo usiku wa mwisho kwa kujinyima maji ataamka na hasira na moyo unaokwenda mbio, halafu mtamsingizia woga.

4. Saa ya mwisho

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usifuate saa ya ukutani, hesabu mapambano yaliyo mbele yako. Kwenye ngumi za ridhaa, raundi 3 za dakika 3 na mapumziko mawili ya dakika moja ni dakika 11. Ukiongeza kuingia na kutangaza matokeo, weka kama 15. Lakini yeyote anaweza kuangushwa mapema, kwa hiyo mtu mmoja asimame mlangoni akuletee habari.

Yakibaki mapambano manne, bandeji ziwe zimefungwa. Bondia akae, mgongo ukiegemea ukuta, taya limelegea. Avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita, kila hesabu sekunde moja. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Dakika tano zinatosha. Mkono wake mmoja uwe tumboni, na tumbo ndilo liinuke, si mabega.

Yakibaki mawili, aruke kamba kidogo, kisha shedo, yaani kupiga ngumi hewani. Pambano linalomtangulia likianza, apige pedi anazoshika kocha mikononi, kwa vipande vifupi mpaka jasho litoke, basi. Kocha anayemalizia raundi tatu nzima za pedi nyuma ya pazia anamsaidia mpinzani.

Aliyepoa mno, anayepiga miayo, usimpe zoezi la pumzi. Mpe kamba mapema na pedi za kasi.

5. Maneno ya kujiambia

Badala ya "tulia", ajiambie "nimepania". Utafiti wa Alison Wood Brooks uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa waliojiambia wana hamasa waliimba, walihutubia na walifanya hesabu vizuri kuliko waliojiambia watulie. Hawakuwa mabondia, lakini moyo unaodunda ni uleule. Kisha mpe kazi moja tu: "jabu (ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele), toka kushoto." Mpango wenye mambo saba atausahau akiwa bado kwenye ngazi za ulingo.

6. Baada ya kengele

Nusu dakika ya kwanza apige jabu na kutembea, akitoa pumzi kwa kila ngumi. Akirudi kona, kinga ya meno itoke kwanza, avute pumzi mbili ndefu, ndipo uongee. Sentensi moja.